Leza ya Jicho na Mikonge ya Mpakani

Aibu ya leo nimeitafuta mwenyewe.

Nilishatolewa mtoto wa jicho, lakini utando ukarudi nyuma ya lenzi niliyowekewa. Daktari wa Korogwe akasema leo ataupasua kwa leza. Nikakumbuka fizikia ya kidato cha pili: tulikusanya jua kwa lenzi, daftari la mwenzangu likashika moto. (Nilichapwa. Nilistahili.) Nikajua leo jicho langu ndilo daftari.

Basi asubuhi hapa Handeni, kabla ya safari, nikaaga kama anayekwenda kufa. Nikamwita jirani yangu Sefu, mbele ya mke wangu na watu wote.

"Sefu, ndugu yangu, huenda nisirudi na jicho. Nisamehe. Ile mikonge ya mpakani niliihamisha mimi. Hatua tatu, ndani ya shamba lako."

(Miaka kumi na moja nimekuwa nikisingizia mvua.)

"Nimekusamehe, Mzee Rajabu," akasema. "Nenda salama."

Akalia. Nikalia. Mke wangu hakulia. Ananijua.

Korogwe, daktari mwenyewe binti mdogo. Akanitia matone, akaniweka kidevu kwenye mashine.

"Shikamoo mzee. Mbona unatetemeka?"

"Marahaba, mwanangu. Naogopa kuungua."

Akacheka. Nikasikia tik, tik, tik. "Mwanga wa taa ni kama watu wanaotoka mnadani, kila mtu na njia yake. Leza ni gwaride: rangi moja, mawimbi yote hatua moja. Ndiyo maana naweza kuulenga mwanga wake kwenye nukta ndogo kuliko punje ya mchanga. Tena unawaka kwa muda mfupi mno, joto halipati nafasi ya kusambaa."

"Haya. Utaanza saa ngapi?"

"Nimeshamaliza, mzee."

Nimeshamaliza! Nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka foleni nzima ikageuka.

Ndani ya basi ndipo nikamkumbuka Sefu. Nikaomba tupate pancha. Hatukupata.

Alasiri nafika, ukungu umetoka jichoni. Kitu cha kwanza nilichokiona vizuri ni Sefu shambani na jembe, mikonge imeng'olewa, na mke wangu amemshikia ncha ya kamba!

"Umerudi na jicho?" Sefu akauliza.

"Nimerudi nalo."

"Vizuri. Hebu tazama, kamba imenyooka?"

Nikatazama. Imenyooka kama leza.

Msinicheke. Ukiitwa kwenye leza, uliza kwanza inachukua dakika ngapi, ndipo uombe msamaha. Au usiulize. Mimi leo nimetolewa utando mara mbili, na ule wa mpakani ndio uliokuwa mzito.