Nilivyomtuza Mpiga Besi Asiyekuwepo

Leo nimejivua nguo mbele ya watu, na suti nilikuwa nimeivaa. (Ya kuazima, lakini suti.) Kaeni niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana wengine wataongeza chumvi na kisa chenyewe kimeshakolea.

Mnajua nauza kaseti stendi ya mabasi. Mnajua pia kwamba kile kituo cha utamaduni kule Milimani kilikuwa kinatafuta mtu wa kuangalia santuri zao. Kazi ni kuzipangusa vumbi, kuzipanga, na kuwachezea wanachama siku za kusikiliza. Unakaa kivulini, mwisho wa mwezi unalipwa. Niliitaka kazi hiyo mpaka chakula kikakataa kushuka.

Mtihani ulikuwa mmoja. Kuna mpiga besi wa jazi, Mmarekani mweusi, mtunzi mkubwa, sasa ni marehemu. Kituo kina rafu nzima ya santuri zake. Kila mwombaji azisikilize zote, kisha aje mbele ya watu, acheze upande mmoja na aeleze alichokisikia.

Nikazama. Kila jioni nilifunga kibanda nikaenda kukaa mbele ya ile rafu. Santuri ya kwanza nilidhani bendi inagombana. Ya pili ilikuwa kama kanisa la mtaani Obunga siku ya Jumapili, makofi na vilio. Kuna moja ya polepole iliyonitoa machozi (nilisingizia vumbi). Na yule bwana hanyamazi. Anapiga besi huku anawafokea wenzake, anawasifu, anacheka, na mtambo unarekodi tu. Nikampenda. Nikaanza kumwita Jaduong', yaani mzee, kama mtu wa kwetu.

Sasa, kituoni kuna sheria kubwa. Santuri ikilia, watu kimya mpaka upande uishe. Hata kukohoa unatoka nje.

Ndiyo maana asubuhi ya leo sikufurahi nilipomwona Nera mlangoni kwangu. Nera ni mjomba wangu, kaka ya mama, na alikuwa ametoka Pap Onditi, kijijini kwao Nyakach, kuja kunitia moyo. Ni mtu wa nyatiti huyo, kile kinubi chetu Wajaluo. Na kwetu, mpiga nyatiti akikolea, unamsimamisha. Unainuka, unajisifu wewe na ukoo wako na rafiki zako, unamtuza, ndipo anaendelea. Tunaita pakruok. Nera ni bingwa wa pakruok Nyakach nzima. Kwenye matanga watu humtengea kiti cha mbele.

"Nera," nikamwambia njiani, "huko tunakoenda muziki hausimamishwi."

"Hata ukiwa mtamu?"

"Hata ukiwa mtamu. Ukisimama tu, mimi nimekosa kazi."

"Sasa mwenye kupiga atajuaje kama watu wamefurahi?"

"Amekufa, Nera."

Akafikiria hilo hatua kadhaa. "Sawa, okewa, mpwa wangu. Nitakaa kama jiwe."

Chumba kilikuwa kimejaa. Mbele alikaa Mama Adhiambo, mkuu wa kituo, mwanamke anayeongea chini chini mpaka unaogopa. Kando yake Bwana Mutiso, mgeni kutoka Nairobi, mkusanyaji wa jazi. Nakala ya kituo ya santuri niliyoichagua ilikuwa imechakaa, kwa hiyo alileta yake binafsi.

"Nimeitafuta hii miaka mingi," akasema akinipa. "Shika ukingoni tu."

Nikashika ukingoni. Jasho likashuka mpaka kwenye soksi. Nikaeleza habari za mtunzi vizuri, bila kigugumizi. Mama Adhiambo akatikisa kichwa kukubali. Nikaweka sindano.

Santuri sikuisikiliza hata kidogo, macho yangu yote yalikuwa kwa Nera. Besi ikaingia, mguu wake ukaanza kugonga sakafu. Tarumbeta zikaingia, mabega yakacheza. Bendi ikapamba moto, Nera akashika mikono ya kiti kama mtu anayetaka kuinuka, akafungua mdomo.

Akapiga mwayo. Akakaa vizuri, akafumba macho.

Nikashusha pumzi. Hapo ndipo nilipoharibikiwa, kwa sababu sasa nilianza kusikiliza.

Bendi yote ikanyamaza, besi ikabaki peke yake. Inanguruma, inapanda, inabembeleza. Jaduong' akapaza sauti mara moja, kama anayeuliza nani yuko hapa. Kisha akaacha pengo. Jamani, kwetu pengo kama lile lina mwenyewe, mtu wa pakruok.

Nilijikuta nimeshainua sindano.

"Simama hapo kwanza, Jaduong'!" Sauti ilikuwa yangu. "Mimi ndiye Ouko, wuod nyar Nyakach, mwana wa binti wa Nyakach, dume ambalo likipita stendi kaseti zinacheza zenyewe! Rafiki ya Mama Adhiambo, mama mnene mwenye sauti nyembamba! Rafiki ya Bwana Mutiso wa Nairobi, kipara kinachong'aa kama ziwa saa sita!"

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Lakini pakruok bila kutuza ni aibu, na mimi nimelelewa. Nikatoa shilingi mfukoni, nikaiweka kwa heshima juu ya santuri iliyokuwa bado inazunguka. Halafu, ili Jaduong' aendelee, nikarudisha sindano.

Sindano ikakutana na shilingi. Krrrrr. Mkwaruzo mmoja, kutoka ukingoni hadi katikati.

Sauti ya Nera ikatoka nyuma, ya upole kabisa: "Okewa, si ulisema huku hawasimamishangi?"

Bwana Mutiso aliipeleka santuri dirishani, akaigeuza kwenye mwanga, akaketi. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Nikasema samahani, nikaisema tena, mpaka nikasikia naisema kwa Kijaluo. Mama Adhiambo akaokota ile shilingi iliyorukia sakafuni, akaniwekea kiganjani na kuvifunga vidole vyangu.

"Chukua, Bwana Ouko," akasema chini chini. "Huo ndio mshahara wako wote wa hapa."

Tulitembea na Nera mpaka karibu na Nyamasaria, njia ya kurudi kwao. Nilitaka kulia, na niliona naye anatafuta la kunifariji. Mwishowe akanishika bega.

"Lakini ukweli usemwe. Ile sifa ya kipara imenishinda hata mimi."

Basi, mkicheka, chekeni polepole. Ile kazi nilikuwa naitaka kweli.