Haradali ya Ukutani

Loriot alikuwa amekaa nje ya kanisa la mji wa Auxerre, Ufaransa, akiwaza atakula wapi mchana, alipomsikia mwimbaji Goubaud akijaribu wimbo. Sauti ilitoka kama bawaba isiyotiwa mafuta. Jumapili mapadri wangemteua mwimbaji mkuu, mwenye nyumba ya bure na divai hadi kufa, na Goubaud alikitaka cheo hicho kuliko alivyoitaka mbingu.

Loriot akang'oa magugu chini ya ukuta, yale ya maua madogo ya manjano ambayo mbuzi huyaonja na kuyatema. Kuanzia hapo akawa daktari.

"Haradali-mwitu, mzee wangu," alisema mlangoni kwa Goubaud. "Inafufua koo lililokufa."

"Imejaa uani kwetu," akadakia Perrine, mtumishi. "Naifagia kila Jumamosi."

"Unafagia dhahabu, mama."

"Basi shika ufagio, utajirike."

"Perrine, nyamaza," Goubaud alikwaruza. "Bei gani, daktari?"

"Bure! Nitalala hapa siku tatu, nikuchemshie mwenyewe kwa asali. Ila usitamke neno mpaka usimame kuimba. Ukisema hata 'aa', sauti imekwenda moja kwa moja."

Bahili akisikia "bure" haulizi la pili. Siku tatu daktari alikula bata bukini, mgonjwa akanywa uchungu na kuzungumza kwa vidole.

Asubuhi ya Jumapili, Perrine akiwa ametangulia kanisani, Loriot alikusanya vijiko vya fedha na vinara, taratibu, mbele ya mwenyewe.

"Kama kuna linalokuudhi, bwana, sema tu."

Goubaud aliruka. Aliuma kofia. Alipiga ukuta ngumi. Sauti haikumtoka.

"Na nyumbu wako wa mizigo nimchukue? Ahsante. Una moyo mkubwa."

Alijifunga kwa kamba juu ya mnyama, asianguke, pamoja na magunia ya alivyoiba, akatoka lango la mji akicheka. Alikuwa katikati ya mashamba ya mizabibu sauti ilipomfikia. Goubaud, mwenye koo lililopumzika na kifua kilichojaa hasira, alikuwa ameanza kuimba kanisani.

"Lo!" Loriot alishangaa. "Kumbe inatibu!"

Karibu aone fahari. Lakini miaka tisa Goubaud alikuwa akimwimbia nyumbu huyo kila alipompelekea shayiri, na tangu sauti ikauke, mnyama alikula kwa huzuni. Sasa alisimamisha masikio, akageuka.

"We! Huku! Huku, bibie, nakusihi!"

Alisihi, akavuta, akamtukana baba yake punda. Nyumbu alipita lango mbio, akaingia kanisani, akasimama mbele ya mwimbaji. Vijiko vilianguka sakafuni kimoja kimoja.

Goubaud hakukatiza. Angekatiza, cheo kingepotea. Alivuta sauti ya mwisho ndefu, safi, mpaka mapadri wakafuta machozi, huku kidole chake kikimwonyesha Loriot.

"Amina," akamaliza. Kisha, kwa sauti ileile tamu: "Perrine, funga mlango."