Vita Yangu na Gemu Mbovu za Nasra

Alhamisi, 29 Januari

Kuanzia leo mimi ndiye mhakiki wa gemu anayesikilizwa kuliko wote, kutoka mtaani kwetu Kasingirima hadi Dar es Salaam.

Haya, Dar es Salaam bado. Tuseme hadi kona ya msikiti. Na kwa kweli aliyenisikia ni mke wangu Zaitun peke yake, kwa kuwa simu kubwa ni yake. Mimi nina kitochi.

Sababu ya vita ni Feliksi. Mstaafu wa reli, Muha wa Kalinzi, mtani wangu, na mpinzani wangu wa drafti tangu tukiwa na meno yote. Kila siku baada ya chai alikuwa anakuja barazani kwangu, ananitukana kwanza, halafu tunapanga kete. Sasa hapiti tena. Anavuka barabara kwenda kibanda cha gemu cha Nasra, runinga mbili na mashine za mtumba. Namwona kutoka hapa. Ameshika pedi ya kuchezea, ulimi nje, anafundishwa na watoto waliozaliwa juzi. Benchi langu analalia mbuzi wa jirani.

Jana nikamsikiliza kijana mmoja kwenye simu ya Zaitun. Kazi yake ni kutukana gemu mbovu. Anaitukana moja saa nzima, watu maelfu wanamshukuru, na mwisho anasema gemu hiyo ilikosa wanunuzi na walioitengeneza wamefunga ofisi. Nikaweka kikombe chini. Kumbe inawezekana.

Mpango ni huu. Nitazitukana gemu za Nasra moja baada ya nyingine. Wateja watakimbia, kibanda kitafungwa, Feliksi atarudi. Zaitun akasema si nimwambie tu Feliksi kwamba nimemkumbuka. Wanawake hawajui siasa.

Ijumaa, 30 Januari

Baada ya swala nimekwenda kukagua. Nasra akaniambia shikamoo babu, karibu sana, akanipisha kiti chake mwenyewe. Nikaitikia kwa ukali ili nisilegee.

Nimeanza na gemu ya mpira. Uchafu. Mwamuzi hana shingo. Mpira unapita katikati ya kipa kama moshi wa kuni. Mchezaji aliyevunjwa mguu anapaa taratibu kuelekea mbinguni, na mchezo unaendelea bila hata kumwombea dua. Mtangazaji anajua sentensi mbili, nayo ya pili anaikosea.

Feliksi alikuwa pembeni. Akawaambia vijana watazame Mmanyema anavyoshika pedi, kama anasugua sufuria. Wakacheka. Nikamjibu kwamba ningekuwa na vidole vya Muha, vifupi kama ndizi za kitoto, na mimi ningezoea mapema. Alicheka kweli. Kwa muda mfupi ilikuwa kama zamani. Halafu akageukia runinga.

Nyumbani nikarekodi sauti na kuituma kwenye grupu la mtaa. Nikaipa gemu dagaa mmoja kati ya kumi, tena aliyenyeshewa. Nikangoja aibu iwashukie.

Majibu: Shikamoo Bi Zaitun. Pole na mafua, sauti imekuwa nzito. Faridi, mkuu wa grupu, akashauri tangawizi na ndimu.

Jumamosi, 31 Januari

Leo nimeua.

Nasra ana gemu ya meli ziwani. Ameinunua kwa mchuuzi wa soko la Mwanga, na inaonekana mchuuzi alikuwa anatafuta mtu wa kumsukumia. Nimeicheza hadi macho yakaniwasha. Uhakiki wangu nauandika hapa kama nilivyourekodi, maana ni kazi ya kudumu:

Ndugu zangu, humu meli inatoka majini, inapanda kilima, inapita sebuleni kwa watu wanakula, inatokea uani, na hakuna anayeshtuka. Kiboko ni mdogo kuliko kuku. Abiria wakizama wanaendelea kukupungia mkono huko huko chini. Nahodha anaongea kwa kisogo, mdomo umefungwa. Niliwahi kuugua malaria ya kichwani, nikamwona marehemu bibi yangu anaendesha treni, na hata ile ilikuwa na mpangilio kuliko hii. Dagaa sifuri. Nimewapa chumvi tu.

Safari hii nikaanza kwa kusema mimi ni Pazi, si Zaitun. Faridi akajibu kwamba tangawizi haijasaidia.

Jioni nikachungulia kibanda. Kitupu. Hata mlango umeegeshwa. Nimekula wali sahani mbili. Nilimhurumia Nasra kidogo, lakini vita ni vita.

Jumapili, 1 Februari

Zaitun ameniambia umeme ulikatika mtaa mzima jana kuanzia saa tisa. Mimi sikugundua kwa kuwa nilikuwa nimekaa nje nikifurahi.

Jumatatu, 2 Februari

Sijui niandike vipi jambo hili. Nimezaliwa Ujiji. Baba yangu alivua, babu yangu alivua, mimi nilitengeneza baiskeli lakini za wavuvi. Na nimeusahau mwezi.

Mtoto wa chekechea hapa anajua. Dagaa wanafuata taa kwenye giza. Mbalamwezi ikishakolea wanatawanyika, taa haina maana, mitumbwi inavutwa mchangani na wavuvi wote wanapumzika mpaka giza lirudi. Wanashona nyavu siku moja, siku ya pili wanaoa au wanagombana, siku ya tatu wanatafuta kitu cha kutazama. Na mimi, katika siku zote alizoumba Mungu, nimetangaza mbele ya mtaa mzima kwamba kuna meli inayopita sebuleni, mkesha wa mwezi mpevu.

Wamejaa. Wamejaa kibandani kwa Nasra hadi kwenye mtaro. Wametoka mwalo wa Kibirizi kwa bodaboda, watatu watatu. Sauti yangu imesambazwa kwenye magrupu ya wavuvi, wameiweka na muziki. Mvuvi mmoja, Bariki, kifua kama mlango, alinikumbatia barabarani. Akasema babu, yule kiboko, nimecheka hadi mke wangu akadhani nalia. Wanapigia kelele meli igonge nyumba ipi. Wakizama wanapunga mkono wote kwa pamoja.

Na nahodha wao ni nani? Feliksi. Wamempa kiti cha mbele na kofia.

Jioni Nasra akaja mwenyewe na bakuli la migebuka ya nazi. Akasema anashukuru sana babu. Hali ilikuwa mbaya, alishaamua kurudisha mashine na kufunga kibanda Ijumaa hii. Sauti yangu ndiyo imemwokoa.

Ijumaa hii. Ningekaa kimya wiki moja tu.

Samaki walikuwa watamu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumanne, 3 Februari

Akili haizeeki. Kama matusi yanawaleta, sifa zitawafukuza.

Nimerekodi mpya kwa sauti ya upole, ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Nikasema nimeitazama upya gemu ya meli na nilikosea. Ni gemu tulivu. Ina maadili. Inamfundisha kijana subira na kuheshimu vyombo vya majini. Inafaa kwa wazee na familia. Nilipiga miayo nikiirekodi, nikajua nimepatia. Mvuvi gani atatoka Kibirizi kuja kufundishwa subira?

Jumatano, 4 Februari

Wavuvi hawakusikiliza hadi mwisho. Waliosikiliza ni wazee.

Mzee Abdulatif, ambaye wiki mbili nzima amekuwa akisema kibanda kile kinaharibu watoto, alisikia ina maadili. Akaingia kuhakikisha. Akaomba pedi kwa ajili ya uchunguzi. Hakutoka hadi alasiri, na alipotoka alikuwa anabishana na Bariki kuhusu njia fupi ya kupita nyuma ya kilima. Kesho analeta wenzake wa kahawa.

Hao wenzake wa kahawa ndio watu wa mwisho waliokuwa wanakaa barazani kwangu. Muuza kahawa naye amehamisha birika lake hadi kwa Nasra. Anasema biashara inafuata watu, nisimchukie.

Mbuzi pia hayupo. Sitaki kujua yuko wapi.

Alhamisi, 5 Februari

Zaitun amenipokonya simu. Akasema Pazi, nenda kaongee na mtu kwa mdomo wako kama binadamu.

Nikaenda. Nikamvuta Feliksi hadi nyuma ya kibanda, penye matenki ya maji. Nikamuuliza kile kitu kina nini. Nimekikagua mwenyewe, hakuna gemu mbovu kama ile chini ya jua. Akakubali. Akasema ni mbovu sana, jana meli ilimpeleka angani akakaa huko hadi wakazima mashine.

Sasa kwa nini?

Akavua kofia ya unahodha. Akasema, wewe Mmanyema, ile mashine ni takataka, lakini haijawahi kunirudishia kete nyuma nilipogeuka kukohoa. Nikizama, nimezama. Nikishinda, nimeshinda. Kwako sijui mara ya mwisho nilishinda lini, na mimi najua kucheza.

Nikamwambia hayo ni maneno mazito. Akasema ndiyo maana hakuyasema, akaona bora avuke barabara.

Nikamwambia hajathibitisha lolote. Hapo ndipo nilipoona uso wake si wa utani. Nikaogopa. Nilidhani runinga ndiyo iliyomchukua, na runinga ningeiweza.

Mwishowe, maana yeye ndiye mwenye moyo mzuri kati yetu, akasema: njoo Jumamosi tushindane kwenye meli, mbele ya watu. Ukinishinda kihalali narudi barazani. Nikikushinda, unahamia huku kwangu na ubao wako.

Tukashikana mikono. Mkono wake ulikuwa na jasho la pedi.

Jumamosi, 7 Februari

Umati. Wavuvi wanaanza kurudi kazini kesho, kwa hiyo hii ilikuwa sikukuu yao ya kufungia. Mzee Abdulatif alifungua kwa dua. Bariki alikuwa mwamuzi, mwenye shingo.

Nilianza vizuri. Nilipita sebule tatu bila kusimama. Feliksi akakwama kwenye kiboko, na huwezi kuamini kelele. Lakini yule ni mtu wa reli, akishapata njia haachi. Akanipita penye kilima. Alibakiza kidogo afike gatini.

Mguu wangu ulikuwa karibu na waya. Huo ni ukweli. Kwamba kidole gumba kiliingia kwenye kitanzi cha waya na kuuvuta, hilo nalo watu walilishuhudia. Runinga ikazima pu.

Bariki akauliza taratibu, babu, hicho kidole ni cha nani?

Nikasema umeme umekatika. Taa ya Nasra ilikuwa inawaka juu ya kichwa changu.

Nilijua nimempoteza Feliksi pale pale. Nikageuka kumtazama. Alikuwa ameinama, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko cha kukosa hewa, machozi mpaka kwenye kola. Alipopata pumzi akashangaa kwa Kiha, Yebaba we, nilidhani unaniibia mimi tu, kumbe hata mashine. Akasema mtu wa namna hii hawezi kuachwa peke yake barazani, ataiba baraza.

Bariki akatangaza Feliksi ameshinda. Nikalipa adhabu bila kubisha. Nimebeba ubao wangu na benchi langu kuvuka barabara, wavuvi wakinipungia mkono kama abiria waliozama.

Jumatatu, 9 Februari

Wavuvi wamerudi ziwani, kibanda kina nafasi. Mimi na Feliksi tumewekwa kwenye kibaraza cha Nasra, kivulini, kahawa ipo hapo hapo. Nimeapa mbele ya Mzee Abdulatif kwamba sitagusa kete ambayo si zamu yake. Feliksi alifurahi sana. Amekuja amenyoa ndevu.

Akanishinda mara moja. Akanishinda tena. Nilikuwa sijui kama ana nguvu hivyo. Inatisha.

Sasa sitaki makubwa. Jioni nitamwambia hivi: Nasra, mwanangu, wewe mwenyewe ulisema sauti yangu ndiyo iliyokuokoa, na mimi sijakuomba kitu hata siku moja. Kesho saa nne, nikikuna sikio, mwite Feliksi ndani aje akutazamie ile pedi mbovu. Si kwa muda mrefu. Kete moja tu.