Kioo Kisichoitikia Shikamoo

Chilangala, Newala

Kwa Shemeji Tahiri, fundi magari, Masasi.

Shemeji yangu mpendwa,

Salamu kwanza, lawama baadaye. Sisi wazima, dada yako Rahima mzima, na Landkruza yangu ya zamani ni nzima kuliko heshima yangu.

Nilikuletea gari ubadilishe breki. Wewe kwa ukarimu wako ukang'oa na vile vidirisha vya pembetatu vya milango ya mbele, pamoja na nguzo zake, ukaweka kioo kimoja kizima kila mlango. Ukasema sasa gari linapendeza. Ahsante sana. Niruhusu nikueleze linavyopendeza.

1. Kidirisha kile nilikisukuma kwa kidole tu. Mtu akiniamkia "Shikamoo, Baba Ziada," namwitikia papo hapo. Kioo chako kizuri kinataka kuzungushiwa mkono mpaka jasho linitoke, na kikishashuka, aliyeniamkia yuko nyuma huko kwenye mikorosho. Basi narudi kinyumenyume nikamwambie marahaba. Huko nyuma nakuta wengine, nao wamefundwa adabu kwao. Juzi nilitoka asubuhi kwenda sokoni Newala, nikafika watu wanafunga vibanda.

2. Nikachoka, nikaanza kutikisa kichwa tu. Kijiji kizima kikasema Mahmudu kauza korosho, kaota mapembe. Harusi ya Ziada ni wiki ijayo, na akina mama wa kupika wameniletea ujumbe: "Kioo chake kimpikie pilau."

3. Kwa kuwa mimi si mtu wa kushindwa na kioo, nilichukua rangi nyeupe nikaandika MARAHABA kwa herufi kubwa kwenye vioo vya milango yote miwili. Nikapumua. Kisha nikapishana na mama yako mzazi, Bi Rukaiya, akitoka shamba. Bahati mbaya alisoma elimu ya watu wazima. Yaani mimi, mkwe, nimemwambia mama mkwe marahaba, kana kwamba yeye ndiye wa kuniamkia! Amesema harusini haji, na bila bibi yake, Ziada hakubali kuolewa. Shemeji, mwanangu analia, na mimi moyo unaniuma.

4. Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu: ama urudishe vidirisha vyangu, ama wewe, mjomba wa bibi harusi, uje ukae juu ya boneti uwe unaitikia watu kwa niaba yangu. Chakula nitakupa.

Nisalimie Mama Jumanne, watoto, majirani, na mafundi wote wa gereji waliosimama wakakusifu.

Ni mimi shemeji yako, ambaye bado anakupenda kwa taabu,
Mahmudu (Baba Ziada)

Nyongeza: Vidirisha usilete. Mama yako alikuja kunisema mwenyewe, dada yako akambembeleza apande gari wakanunue khanga za harusi Newala. Rahima alikaa katikati yetu kwa heshima ya ukwe, mama akakaa dirishani, pale ilipokuwa nguzo. Akaiona barabara yote, na barabara yote ikamwona. Kila mtu alimwamkia, na kioo kikaitikia, yeye katulia tuli. Tuliporudi alikataa kushuka. Harusini anakuja, ila ndani ya gari hilihili, na wewe ulete rangi uandike na kioo cha nyuma. Mimi nimeamriwa kila nikitaka kuwasha gari nizunguke kwanza upande wake, nipige shikamoo. Jibu langu limeshaandikwa, tena kwa mkono wangu.