Mtajeni Aliyevujisha Habari za Jogoo wa Zohali

Kwa Mhariri,
Ukurasa wa Mashabiki wa Shamba la Zohali,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu,
Kakamega.

KUH: MTU WENU WA NDANI

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu kutoka Chekalini, ambako mahindi yamefika magotini na ukurasa wako unasomwa kuliko ratiba ya kanisa. Mimi ni Patroba Makhanu, katibu wa josho la ng'ombe kwa mwaka wa kumi na tisa sasa, na baba mzazi wa Lynette, ambaye huchora katuni Nairobi. Naandika hivyo kwa herufi zinazoonekana kwa sababu kwa miaka mitatu hakuna mtu hapa kijijini aliyekubali kwamba mtu mzima anaweza kuajiriwa kuchora kuku.

Kama barua hii itasomwa na mgeni, Shamba la Zohali ni tamthilia ya katuni ambayo bado haijatoka, na ikishatoka itafuatwa na filamu ndefu. Inahusu watu wa mwaka 2240 wanaolima mahindi kwenye pete za sayari ya Zohali, wakiwa na chombo kimoja cha anga na jogoo mmoja wa kuwaamsha, kwa kuwa huko hakuna asubuhi. Jogoo huyo ni kazi ya binti yangu. Nahodha alichorwa na mtu mwingine, na inaonekana.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Tarehe. Mliandika kwamba tamthilia ingeanza Aprili. Nikatangaza kanisani baada ya matoleo, nikaazima viti vya kwaya, mke wangu Sellah akasonga obusuma, ugali wetu, wa watu arobaini, tukakaa mbele ya televisheni na kutazama habari za mbolea. Kisha mkaandika Agosti. Viti vikaazimwa tena. Sasa mnaandika "mwakani, Mungu akijalia," na mimi kama Mkristo siwezi kubishana na sentensi kama hiyo. Lakini jirani yangu Titus anaweza. Alinisimamisha njiani mbele ya watu akasema, "Mzee, wewe unatuambianga tu, na sisi hatuonangi kitu. Huyo mtoto ako na kazi kweli?"

2. Mguu. Mlifichua kwamba jogoo wa chombo anachechemea mguu wa kushoto, na kwamba alichorwa kwa mfano wa jogoo halisi anayeishi huku kwetu Lugari. Tangu siku hiyo boma langu halina faragha. Wanafunzi wa chuo kikuu wametoka Kakamega mpaka hapa kupiga picha na jogoo wetu, na wamemzoesha mkate, hata sasa akiwekewa mahindi anatazama kando. Mwezi uliopita wazazi wa mke wa mwanangu Nehemiah walitutembelea. Unajua mwenyewe mkwe akija anawekewa nini mezani. Kuku wote walikuwa wanaatamia, na jogoo aliyebaki alikuwa ameshakuwa mtu maarufu. Wakwe walikula maharagwe huku ingokho, yaani kuku mwenyewe, akipita mlangoni akichechemea. Mzee wao alimtazama jogoo, akaitazama sahani, akaomba maji ya kunawa. Hawajapiga simu mpaka leo.

3. Hili lilimhusu mchungaji. Sellah ameniomba nisiliandike.

4. Kifo. Wiki mbili zilizopita mliandika kwamba ndani ya filamu jogoo atakufa. Atatoka nje ya chombo kuwika mara ya mwisho ili wakulima waliopotea waijue njia ya kurudi. (Watamsikiaje mahali pasipo na hewa, waulizeni waliomchora nahodha.) Habari hiyo ilifika Chekalini kabla ya chakula cha mchana. Mama Awinja alikuja na kilo moja ya sukari na majani ya chai, akakaa nasi. Kwaya ikauliza kama kutakuwa na ibada na kama wavae sare. Wazee wa ukoo waliniita kuniuliza kwa nini msiba wa nyumbani kwangu umetangazwa kwenye simu kabla wao hawajaambiwa, nami nikaona wana haki, kwa maana msiba una utaratibu wake. Marehemu mwenyewe wakati huo alikuwa juu ya paa la ghala. Sukari tumeinywa. Sasa jogoo huyu akifa kweli, sijui tutawaambia nini watu ambao wameshatupa pole.

5. Lynette. Hapa naomba usicheke, kama umekuwa ukicheka. Kampuni imemwita ofisini. Alikuta watu watatu mezani na kurasa zenu zimechapishwa na kupigiwa mistari, wakamwuliza nani anatoa maneno nje. Yote mliyoandika ni ya jogoo, na jogoo yuko mikononi mwake peke yake. Mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi huu, na ameambiwa kwamba suala lake litaangaliwa. Alinieleza kwa sauti ndogo, ile aliyokuwa nayo utotoni akishikwa na malaria.

Ndugu Mhariri, mtoto huyu alikuwa akichora kwa makaa kwenye ukuta wa ghala langu, na nilimchapa kwa ajili ya ukuta huo. Nilipaka chokaa juu ya jogoo saba. Leo ningetoa ng'ombe niwaone tena hata mmoja. Amechukua miezi minane kumtembeza ndege mmoja hatua kumi na moja, mpaka unyoya ukatikisika jinsi unyoya unavyotikisika, na sasa anaweza kufukuzwa kwa sababu kuna mtu mahali fulani ameshindwa kufunga mdomo. Nina hasira, na siombi radhi kwa hasira hiyo.

6. Kwa hiyo mtajeni. Ninyi mnamwita "mtu wa ndani aliye karibu sana na wachoraji." Mimi nimefanya uchunguzi wangu kama katibu. Kipsang wa boda boda ana mdomo lakini hana bando. Mchungaji ana bando lakini katuni hazijui. Titus haamini hata kama Zohali ipo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, basi nadhani mtafuteni huko huko Nairobi, miongoni mwa hao wa nahodha.

Nataka mchapishe jina lake, picha yake na kijiji alikozaliwa. Asimame kanisani aombe msamaha. Kisha apelekwe barazani kwa chifu asimame tena. Kama ana ng'ombe, wasioshwe katika josho letu hadi filamu itoke, na kupe wao wawe juu yake. Mwisho, naomba kampuni imchore ndani ya tamthilia na kumwacha kwenye pete za Zohali bila chombo wala jembe. Adhabu hii nimeifikiria kwa siku nne na naiona ni ya upole.

Nisalimie wenzako wa ofisini, mwenye duka la viatu hapo chini, na mashabiki wote mahali walipo, hata wale wanaompenda nahodha.

Ni mimi, nikiwa na heshima na hasira,

Patroba Makhanu,
Katibu, Josho la Ng'ombe,
Chekalini.

Baada ya sahihi: Sellah ameisoma barua yote, akavua miwani, akaniuliza ni nani mwingine duniani ambaye Lynette humpigia simu kila Jumapili saa kumi na kumweleza habari za jogoo. Nimetafuta jina la pili nikalikosa. Zile sauti mlizokuwa mkipokea kwenye WhatsApp ni zangu. Hata tarehe ni zangu. Yeye alisema "labda Aprili," na hiyo "labda" niliiacha mimi. Niliposoma "mtu wa ndani" nilidhani ni mtu wa Nairobi. Mimi niko Chekalini, nilijua najivunia mtoto tu. Nilitaka mtu mmoja aniamini, na ninyi mliniamini. Basi jina mnalo, liko hapo juu. Lichapisheni kwa herufi kubwa, na picha nitatuma, waajiri wake waone kwamba mtoto hana kosa na mwenye mdomo ni babake. Yeye mwenyewe bado sijamwambia. Jumapili iliyopita alipiga simu saa ile ile, nikamwuliza kazi inaendeleaje. Hakutaja jogoo, akaniuliza kama huku mvua imenyesha.