Keki ya Asukile na Chai ya Watoto Arobaini

Jumatatu, 6 Agosti 1956

Siku ya thelathini na saba ya ndoa. Nimemtazama Asukile wangu akinyoa ndevu. Hata povu la sabuni linampendeza!

Jumapili ni sikukuu ya watoto wa kanisa letu hapa Uyole. Mama Mkwe amenikabidhi chai ya watoto arobaini. Amesema nikiiweza, nitapewa jiko langu mwenyewe. Nikiivuruga, nitaendelea kupika kwake, katika moshi wake. Jiko letu! Mimi, yeye na sufuria moja! Wazee wameleta ratili mbili za sukari. Nimeupakata mfuko kama mtoto mchanga.

Jumatano, 8 Agosti

Wazo! Keki! Asukile hajawahi kuokewa keki na mke wake. Sukari? Ni ya watoto. Hapo ndipo elimu inapofaa. Rozalia, niliyesoma naye, sasa anajifunza uuguzi Iringa. Aliwahi kunitumia chupa tatu za sakarini: vidonge vidogo, kila kimoja kitamu kama kijiko cha sukari. Na sukari, nimesoma, huozesha meno ya watoto. Basi watoto wapate afya, Asukile apate keki. Sijaona mpango wenye huruma kama huu.

Alhamisi, 9 Agosti

Nimewahutubia akina mama mtoni juu ya meno. (Keki sikuitaja. Hotuba isiwe ndefu.) Wifi Damari, dada yake Asukile, akauliza meno yanayong'oka yenyewe nayaonea huruma ya nini. Akasema watoto wanashuka milimani na baridi hii kufuata sukari ya kweli, si dawa ya msomi wa darasa la kumi. Wote wakacheka! Nikaondoka kwa hadhi, nikasahau ndoo.

Nyumbani nililia kidogo. Asukile akanifuta kwa leso yake. Kilio chenye faida!

Jumamosi, 11 Agosti

Imeiva! Nimeioka katika sufuria, makaa juu ya mfuniko. Mwalimu wetu wa upishi alisema sukari kikombe kimoja. Mapenzi yakasema mfuko mzima. Imebonyea katikati, lakini ukiinamisha kichwa utaona umbo la moyo. Imelala uvunguni mwa kitanda chetu.

Jumapili, 12 Agosti

Ole wangu!

Chai inachemka, chupa ziko mkononi, mara kikohozi cha Baba Mkwe! (Jina lake siliandiki, hata humu.) Ni mzee wa kanisa, ndiye wa kuonja kwanza. Nasi Wanyakyusa, mkamwana haonekani na baba mkwe, wala sauti yake isimfikie. Nikamtupia Damari chupa, nikamnong'oneza atie, nikajifunika khanga, nikakimbilia nyuma ya kihenge cha mahindi.

Damari akapaza sauti: nitie vingapi, wifi?

Baba Mkwe yuko hatua sita. Nikanyamaza.

Akauliza tena: vitano? Hamsini? Nikanyamaza kwa heshima kubwa zaidi. Damari akasema basi, msomi amekubali. Akamimina chupa zote tatu.

Nikasikia Baba Mkwe akipiga funda. (Kumbe sakarini ikizidi huwa chungu kama kwinini!) Kisha akauliza, kwa upole, ni mtoto yupi mwenye malaria, maana dawa hii si ya kumpa mtu mzima wa afya. Watoto hawakuwa wamemngoja; vinywa vilikuwa vimeshajaa chai. Arobaini wakatema kwa pamoja! Wadogo wakaanza kulia. Mama Mkwe akaagiza sukari iletwe upesi. Haikuletwa. Akaingia nyumbani kwetu mwenyewe, akatoka na mfuko mtupu mkono mmoja, keki mkono wa pili.

Ikakatwa vipande arobaini, na kimoja cha Baba Mkwe. Watoto wakashangilia, wakataka tena. Asukile wangu akapata kulamba kisu.

Jumatatu, 13 Agosti

Hukumu imetoka. Jiko hakuna. Nitapika kwa Mama Mkwe, mbele ya macho yake, mpaka pareto ya mwaka kesho ivunwe. Damari amepewa chai ya sikukuu ya mavuno.

Nimetafakari sana, nikaliona kosa: ni la Damari. Hajui kuhesabu. Nimemwandikia Rozalia aniletee chupa sita.

Tena hukumu yenyewe ni baraka! Kopo la Mama Mkwe la sukari liko rafuni, jikoni hukohuko ninakofungiwa. Anakunywa chai mara nne kwa siku. Na meno yake, masikini, yanahitaji msaada kuliko ya mtoto yeyote.

Jioni nikamnong'oneza Asukile kwamba keki nyingine yaja. Akanishika mkono, akaniambia polepole kwamba tangu utotoni vitu vitamu humtia kichefuchefu. Yeye apewe magimbi ya kuchoma tu.

Malaika wangu! Anasema hivyo nisijisumbue.

Nitaoka mbili.