Njia Yangu ya Maombi Hapa Titye

Jumapili, 6 Juni 1976

Siku ya ishirini na tatu ya ndoa yangu! Bado naamka na kumtazama Reverien kope. Kope za mwanaume huyu! Mungu alipofika kwenye kope hakuwa na haraka.

Lakini leo kanisani nimeshtuka. Wakati wa shuhuda Reverien alisimama. Akawaambia watu kwamba mwaka jana, alipoanguka na baiskeli pale darajani akarushwa majini na kutoka bila mchubuko, ilikuwa alfajiri, saa ileile ambayo mchumba wake alikuwa amepiga magoti porini akimwombea. Mchumba ni mimi! Watu wakapaza sauti, Bwana asifiwe! Kina mama wakageuka kunitazama.

Ameyatoa wapi? Kwenye barua zangu. Niliandika kutoka shuleni: “Kila alfajiri, umande ukiwa bado juu ya majani, nakwenda mahali pangu pa siri kukuombea.” Niliandika kwa sababu sentensi ilikuwa tamu. Saa hiyo ya umande nilikuwa bwenini nakoroma.

Na hapa Titye sala ni jambo linaloonekana kwa macho. Kila aliyeokoka ana mahali pake pa maombi porini, nyuma ya shamba, na njia yake mwenyewe ya kwenda huko. Njia ikiota majani, akina dada wanakuja nyumbani kukuuliza kwa upole una shida gani. Njia ya Esteri, mwimbaji wa sauti ya kwanza, ambaye zamani alitarajiwa kuolewa na Reverien, imekanyagwa mpaka inang'aa. Ananionyesha kila tukienda kuteka maji.

Tulipotoka ibadani Reverien aliniuliza njia yangu ni ipi. Nikanyoosha kidole porini. Kidole hiki! Akafurahi karibu alie. Akasema hataifuata leo, maana mahali pa mtu na Mungu wake hapaendewi bila mwaliko. Kesho anakwenda Kibondo kwenye semina ya walimu. Jumapili ijayo, akisharudi, nimkaribishe tupige magoti pamoja.

Nilikubali. Alikuwa amenishika mkono. Ningefanyaje?

Jumatatu, 7 Juni

Lori limeondoka na moyo wangu. Nimepunga mkono mpaka vumbi lote likatulia.

Mpango: kuamka saa kumi na moja alfajiri kila siku hadi Jumapili, niwe kweli yule mke aliyeshuhudiwa. Siku sita. Watu wamefunga siku arobaini!

Mpango unaanza kesho.

Mchana nimekwenda kukagua nilipoonyesha kidole. Majani hadi kifuani. Ndani kabisa kuna mninga mzuri, wenye kivuli kama nilivyoandika kwenye barua. Nikapiga magoti. Baba yetu uliye mbinguni. Nilipofika kwenye mkate nikakumbuka mkate aliofunga Reverien kwa safari, kisha vidole vyake alipoufunga, kisha siafu wakanikumbusha mengine yote. Nilikimbia nikiwa nimeinua sketi. Mama alikuwa shambani akaniona. Akaendelea kupalilia.

Huyu Mama, Niyitegeka, ni mama mkwe wangu. Alikuja kutoka Burundi na Reverien akiwa mtoto, mume wake akiwa amebaki kaburini kule. Simwelewi. Kila alfajiri nasikia kupitia ukutani akinung'unika jikoni peke yake. Naamini ananinung'unikia mimi. Wiki tatu mfululizo! Sijui nimekosa nini.

Jumanne, 8 Juni

Nimeona mwanga! Jirani yetu Bi Mwajabu, mke wa Mzee Hilali mwenye duka, huamka kabla ya jogoo kuswali. Jana jioni nilimwomba anigongee dirisha. Aligonga. Nikaitika kwa sauti ya mtu aliyesimama, nimeamka, bibi, ahsante! Kisha nikarudi ndani ya blanketi kwa dakika moja tu. Juni hii ya Titye ina baridi ya kukata masikio.

Saa mbili jua likaniamsha. Bi Mwajabu alikuwa mlangoni kwake anachagua mchele. Akaniuliza kama sisi wa kanisani siku hizi tunaswali tumelala. Nikasema nilikuwa ninaomba kimyakimya. Akasema wajukuu wake sita wamemdanganya kwa miaka kumi, na wote wanajua kudanganya kuliko mimi. Halafu akanipa kitumbua. Ana moyo mzuri, lakini ana ulimi.

Basi nikafikiri kisomi. Dada wataangalia nini? Njia. Reverien atatembea juu ya nini? Njia. Sala yenyewe haionekani, itafuata yenyewe. Nikachukua jembe.

Kufikia adhuhuri nilikuwa na njia kutoka uani hadi kwenye mninga, imenyooka kama mstari wa daftari. Nikaona ni nyembamba, inafanana na ya mtu mwenye imani haba. Nikaipanua. Kisha nikaisawazisha kwa kwato za mbuzi wa Bi Mwajabu, niliowaendesha mara nane kwenda na kurudi. Nimechoka kiasi kwamba siwezi kuomba leo.

Jumatano, 9 Juni

Ajabu! Saa tatu asubuhi Balozi Khatibu, mkubwa wetu wa nyumba kumi, amepita uani kwangu juu ya baiskeli, akikanyaga polepole, juu ya njia yangu ya siri!

Akashuka. Akanishika mkono kwa mikono miwili. Kumbe ukipita kwenye mninga unatokea mtoni moja kwa moja, na miaka yote watu wamekuwa wakizunguka kilima. Akasema hajapata kuona bi harusi wa wiki tatu anayejitolea bila kuagizwa. Akasema, mke wa mwalimu, ungekuwa mwanaume ningekuogopa kwenye uchaguzi.

Nikataka kusema ile ni njia ya maombi. Lakini ningesema ya maombi yapi?

Saa kumi jioni wanawake kumi na wanne walikuwa wamepita na ndoo. Niliwahesabu nikiwa nyuma ya pazia. Wa kumi na tano alikuwa Esteri, na hakuwa na ndoo. Nikatoka nje. Akainama akachukua udongo wa njia yangu kidoleni, akaunusa kama anayetafuta harufu ya jembe. Mbele yangu! Akasema dada Kezia, njia yako ni pana sana, mnakwenda wangapi kuomba? Nikamjibu nakwenda na malaika. Niliona aibu hata kabla ya kumaliza.

Alhamisi, 10 Juni

Leo nimeamka saa kumi na moja! Peke yangu! Kwa sababu ya majembe. Balozi ameleta watu wa nyumba kumi zote kuchimba choo cha wasafiri penye njia mpya. Wapi? Chini ya mninga. Chini ya mninga wangu!

Nimelala macho wazi. Ndipo nikasikia manung'uniko ya Mama jikoni. Nikasogea ukutani, nijue leo ananitukania nini. Kirundi chake si mbali na Kiha cha kwetu, nikitega sikio nakipata.

Hanung'uniki. Anaomba!

Anachagua mawe kwenye maharage, na kila jiwe analotoa anataja jina la mtu. Marehemu mume wake. Ndugu waliobaki ng'ambo. Reverien na barabara ya Kibondo. Hilali na Mwajabu, wapewe afya. Kuku mweupe. Kisha akasema, na mtoto wangu Kezia, mwache alale, ni bi harusi, amechoka, umwamshe wewe mwenyewe siku utakayomhitaji.

Nilibaki na mkono mdomoni. Wiki tatu! Bila porini, bila njia, bila mtu yeyote kujua. Machozi yalinitoka. Nikaahidi palepale kwamba kesho nitaamka nikae naye.

Ijumaa, 11 Juni

Nimepitiwa.

Jumamosi, 12 Juni

Amerudi! Amekonda shavu moja! Ameniletea asali ya Kibondo kwenye chupa, nayo imemwagika kwenye mashati yote, na sasa mume wangu ananukia maua kutoka shingoni hadi kiunoni. Nimefurahi mpaka nimesahau choo.

Akanikumbusha yeye. Alisema wiki nzima, asubuhi, alikuwa akifikiria ile njia. Nikajaribu kusema Jumapili kutakuwa na baridi. Akasema atanifunika kwa koti lake. Nikajaribu kusema nina kichwa. Akasema tutakiombea hukohuko.

Jumapili, 13 Juni

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa kumi na moja na nusu tulitoka. Alishangaa upana wa njia. Akasema kwa sauti ya chini, Kezia, umetembea kiasi hiki kwa ajili yangu? Nikamvuta mkono tuendelee. Kulikuwa na giza bado, na umande, umande uleule wa kwenye barua. Tukafika kwenye mninga. Akaona kijumba cha nyasi, kipya, chenye mlango wa mkeka. Macho yakamjaa machozi. Alidhani nimejenga kibanda cha sala! Akapiga magoti mbele ya mkeka, akainamisha kichwa, akasema, “Bwana, tunabisha mlangoni pako.”

“Kuna mtu!” Sauti ya Balozi Khatibu ikatoka ndani.

Reverien alirudi nyuma kwa magoti. Nikajua wakati umefika. Nikafungua mdomo niseme ukweli wote: barua, bweni, jembe, mbuzi. Nikasema, “Wamepachukua mahali pangu.”

Kwa nini nilisema hivyo? Sijui! Lilitoka lenyewe! Na Balozi, akitoka huku akifunga mkanda, akathibitisha kwamba ndiyo, mama huyu ametoa mahali hapa kwa ajili ya afya ya wananchi, wala hakulalamika.

Kanisani Reverien alisimama tena. Mke wangu ametoa mahali pake patakatifu! Akina mama walilia. Esteri alilia, akanikumbatia, akaniomba msamaha kwa kunusa. Kisha ndipo Reverien akaongeza lililonitisha. Alisema tangu leo hataogopa barabara. Mwezi ujao anarudi Kibondo kwenye semina ya pili, na hatapanda lori tena, ataendesha baiskeli, miteremko yote, kwa sababu alfajiri kuna mtu anayemwombea.

Mtu gani?! Baiskeli ile haina breki hata moja!

Nilikimbia jikoni kwa Mama. Nikaanguka miguuni pake, nikamwambia kila kitu, tangu bwenini. Hakushtuka. Alisema alijua tangu siku ya siafu. Akasema hatamwambia mwanawe, nitamwambia mwenyewe nikishapata nguvu, na nguvu haipo mbali: niamke tu, nikae naye jikoni, nichague naye maharage, nitaje jina moja. Jina la Reverien nalipenda, litanitoka bila taabu. Sauti yake ilikuwa laini mno. Nililia magotini pake. Nikamuuliza, saa ngapi, Mama?

Akasema saa kumi na moja.

Kila siku? Kila siku. Hata Jumatatu? Hata Jumatatu.

Nimelifikiria jambo hili jioni nzima kwa unyofu mkubwa, na nimepata njia bora kuliko zote. Nimerudi kwa Mama nikamwomba kitu kidogo sana. Akifika kwenye jina la Reverien asiseme “nakuomba”. Aseme “tunakuomba”. Mama alinitazama, akarudi kwenye maharage yake. Hakusema hapana!

Kwa hiyo kuanzia kesho nitakuwa ninaomba kila alfajiri bila kukosa, hata nikiwa usingizini. Mume wangu anaweza kupanda baiskeli yake kwa amani. Ee, jinsi ninavyompenda!